Dawa ya Kichina na nguvu ya wakimbiaji: nini iko mu chupa, nini iko mu sindano?

Tangu kompani za Wachina ziliingia mu mashimo ya shaba na ya kobalti ya kwetu, dawa yao pia iliingia. Leo, mu Kolwezi, mu Likasi ao mu Lubumbashi, mutu anaweza kuona chupa zenye maandishi ya Kichina, vibandiko vya kutia ku mugongo, siro ya mizizi, mafuta yenye harufu kali. Kisha posti, wakati mugongo unauma na magoti yanakataa kupanda ngazi, kuko mutu mwenye atakuambia: "Ndugu, kunywa hii. Hii njo dawa ya wale wasichana wa China wenye walipita dunia yote ku mbio."

Ile habari ya wasichana wa mbio si ya kutungwa mu kilabu cha pombe. Ilifanyika kweli na dunia yote iliona. Lakini iko na mwanzo, iko na katikati, na iko na mwisho wenye wauzaji hawapendi kusimulia. Sisi watu wa kazi ya shimo tunakula juu ya nguvu ya mwili, na hakuna mwili wa pili wenye unatungojea ku depo. Ni vizuri tujue ile habari yote mbele ya kufungua chupa.

SIKU SITA ZA BEIJING

Mwezi wa 8 mwaka wa 1993, mashindano ya dunia ya atletisimu yalifanyika mu muji wa Stuttgart, Ujerumani. Wasichana wa jimbo la Liaoning, kaskazini-mashariki ya China, walifika pale. Liaoning ni jimbo lenye tungeelewa haraka: kule kuko makaa ya Fushun na chuma cha Anshan, kuko watu wa mashimo na watu wa furu kubwa za kuyeyusha. Liu Dong alishinda mita 1500. Mu mita 3000, nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu zote zilikuwa zao: Qu Yunxia, Zhang Linli na Zhang Lirong. Wang Junxia alishinda mita 10000.

Mwezi wenye ulifuata, mu michezo ya taifa ya China mu Beijing, mambo yalizidi. Tarehe 8 mwezi wa 9, Wang Junxia alikimbia mita 10000 kwa dakika 29, sekunde 31 na 78. Rekodi ya zamani, ya Ingrid Kristiansen wa Norwei, ilikuwa dakika 30, sekunde 13 na 74, tangu mwaka wa 1986. Aliikata kwa karibu sekunde 42 siku moja. Mutu mwenye hajue mbio ajue hivi: ku rekodi ya namna ile watu wanapigana miaka mingi juu ya sekunde mbili ao tatu. Tarehe 11, Qu Yunxia alivunja rekodi ya mita 1500 kwa dakika 3, sekunde 50 na 46. Tarehe 13, Wang alirudia tena na kufanya mita 3000 kwa dakika 8, sekunde 6 na 11. Siku sita, rekodi tatu.

Zile rekodi zilikaa sana. Ya mita 1500 ilibaki mupaka mwaka wa 2015. Ya mita 10000 ilibaki mupaka mwaka wa 2016. Ya mita 3000 ilipitisha miaka 30.

Waandishi wa dunia walikimbilia kocha wao, Ma Junren. Walimuuliza: siri ni nini? Akajibu: kazi nguvu, milima, na dawa ya wazee. Alisema wasichana wanakimbia karibu marato moja kila siku, ni kusema kilomita 42. Alisema wanaenda kujizoeza mu milima mirefu ya jimbo la Qinghai, mahali hewa ni kidogo. Na alisema wanakunywa damu ya kobe wa maji na supu ya uyoga wenye unaota mu kiwavi. Watu wakashika ile neno la mwisho. Kazi nguvu kila mutu anaijua na hakuna mwenye anaitaka; lakini supu, mutu anaweza kuinunua. Ma mwenyewe alielewa hesabu ile mbele ya wengine: aliuza resepi ya kinywaji chake kwa kompani moja ya Kichina kwa yuan milioni 10.

UYOGA WENYE UNAKULA KIWAVI

Sisi watu wa Katanga tunajua finkubala mu sahani. Wachina wako na kiwavi kingine. Ku milima ya Tibet, kati ya mita 3000 na 5000 ya urefu, kuko kiwavi chenye kinaishi chini ya udongo. Uyoga mumoja unaingia mu mwili wake, unamukula ndani polepole, kisha unatoka ku kichwa sawa kijiti cha rangi ya udongo. Jina lake mu Kichina linasema kama wakati wa baridi ni kidudu, wakati wa joto ni majani. Wenye elimu wanauita Ophiocordyceps sinensis.

Familia za kule zinapanda mulima na kutambaa ku magoti siku kwa siku, na kijembe kidogo, juu ya kutafuta vile vijiti. Kwa familia mingi ile njo pesa kubwa ya mwaka muzima. Mu bazari za miji mikubwa, ile ya muzuri mara ingine inauzwa bei kupita zahabu, gramu kwa gramu.

Na mahali kuko kitu cha kupimwa ku kilo kwa bei kali, wachimbaji wa mukono wanajua nini inafuata. Kwetu ni mizani yenye kusema uongo ku depo. Kule, wauzaji wabaya wanachomeka vipande vya waya ao unga wa plomb ndani ya kiwavi ili uzito upande. Mutu anafikiri anakunywa nguvu, kumbe anakunywa plomb. Tuko tunajua plomb inafanya nini mu damu ya mutu, zaidi mu damu ya mutoto.

Sasa, ile uyoga inaleta pumzi kweli? Mwaka wa 2004, wanganga wa Marekani walitoa matokeo ya jaribio moja. Walikamata wanaume 22 wenye kuzoea mbio za baisikeli. Wamoja walipewa vinini vya ile uyoga, wengine vinini vya bure vyenye kufanana, na hakuna mwenye alijua yake ni gani. Wiki tano zikapita. Kisha wakapimwa pumzi na mwendo. Tofauti haikuonekana. Jaribio moja si sheria ya Mungu. Lakini mutu mwenye anauza kilo ya kitu kwa bei ya gari, ni yeye njo mwenye kuleta ushahidi, haiko mununuzi.

SINDANO BILA DAWA

Tusichanganye uyoga na sindano, hata kama vyote viwili vinatoka mu nyumba moja.

Sindano ya Kichina, akupunktura, haifanane na sindano ya dispansere. Haina tundu, haipitishe dawa. Ni waya mwembamba sana wa chuma, munganga anauchomeka mu ngozi mahali penye alichagua, anauacha dakika 20 ao 30, kisha anautoa. Mafundisho yake yanapatikana mu kitabu cha Huangdi Neijing, chenye kiko na miaka karibu 2000. Kitabu kile kinasema kama nguvu ya uzima, yenye inaitwa qi, inapita mu mwili ku njia 12 kubwa. Pahali njia inafungika, ugonjwa unaingia. Sindano inafungua njia. Wenye walipasua mwili na kuutazama ndani hawakuona zile njia sawa vile tunaona mishipa ya damu. Lakini mafundisho yanaweza kuwa ya zamani na mukono ukafanya kitu.

Juu ya uchungu wenye unakaa muda murefu, majaribio ni mengi. Mwaka wa 2012, wanganga walikusanya majaribio 29 yenye yalihusu wagonjwa 17922: wenye kuuma mugongo, shingo, mabega, magoti ya kuchakaa, kichwa. Wengine walipewa sindano ya kweli. Wengine walipewa sindano ya kuigiza, yenye kuchomeka pahali pasipo pa kitabu ao yenye haiingie kabisa. Wengine hawakupewa sindano. Matokeo: wenye sindano ya kweli walisikia nafuu kupita wenye hawakupata kitu, na ile tofauti ilikuwa ya kuonekana. Walipita pia wenye sindano ya kuigiza, lakini hapa tofauti ilikuwa ndogo. Ni kusema, sehemu ya nafuu inatoka ku sindano, na sehemu kubwa inatoka ku mambo yenye kuizunguka: kulala kimya nusu saa, mutu kukusikiliza, mukono kukugusa, kuamini.

Usicheke ile. Mutu mwenye anafanya kazi ku mashine ya kutoboa jiwe saa nane, kulala kimya nusu saa na mutu akamuuliza "inauma wapi?" ni kitu chenye hapate kila siku.

Juu ya mbio, hesabu ni ingine. Wakimbiaji wa mbali, watu wa baisikeli na waogeleaji wengi wanatumia sindano juu ya misuli yenye kukaza, magoti na kisigino. Pale inaweza kusaidia uchungu kushuka. Lakini kuzidisha pumzi, kuongeza damu, kufanya moyo upige muzuri zaidi? Majaribio ya upande ule ni madogo, na hakuna yenye ilionyesha wazi kama sindano inatoa mukimbiaji ku nafasi ya kumi na kumupeleka ku nafasi ya kwanza.

Kuko pia vikombe. Mwaka wa 2016, mu michezo ya Olimpiki ya Rio, watu walimuona muogeleaji wa Marekani Michael Phelps na alama za duara, nyeusi, ku mabega. Watu wakauliza kama alipigwa. Zilikuwa alama za vikombe vyenye kuvuta ngozi. Wazee wetu hawakushangaa, juu wanajua chuku tangu zamani: pembe, kinywa, na ngozi kupanda. Phelps alishinda medali tano za zahabu pale Rio. Lakini alishinda medali nane mu Beijing mwaka wa 2008, wakati hakuna mwenye aliona zile alama ku mwili wake.

Hatari ya sindano ni mbili, na zote ziko ku mukono wa mwenye kuchoma. Ya kwanza: sindano yenye ilitumika kwa mutu mwingine inaweza kuleta ugonjwa wa maini ao VIH. Sindano lazima itoke mu karatasi yake yenye kufungwa, mbele ya macho yako, na kisha itupwe. Ya pili: mutu bila masomo akichoma ndani sana ku kifua ao ku bega, anaweza kutoboa pafu. Ile ilifika kwa watu ya kweli, hata kwa watu wa michezo.

MAJANI YENYE NGUVU YA KWELI

Sasa tufike ku majani, juu hapa njo pahali watu wanasema mambo mawili ya uongo: wamoja wanasema "ni majani tu, haiwezi kufanya kitu", wengine wanasema "ni majani tu, haiwezi kuumiza".

Uongo wa kwanza unajibiwa mu nyumba yetu wenyewe. Vinini vya malaria vyenye watoto wetu wanameza mu dispansere vinatoka ku majani ya Kichina yenye inaitwa qinghao. Mwaka wa 1967, wakati wa vita ya Vietnam, serikali ya China ilianzisha kazi ya siri ya kutafuta dawa mupya ya malaria. Mama Tu Youyou na ekipi yake walisoma vitabu vya zamani na kujaribu majani mengi. Qinghao ilifanya kazi siku moja, siku ingine hapana. Akarudia kitabu cha munganga wa miaka 1600 mbele yake, Ge Hong. Kiliandika kama majani yanalowekwa mu maji na kukamuliwa, hakikusema kuyachemusha. Akaelewa: moto unaua dawa. Mwaka wa 1971 akaitoa bila joto kali, na panya wenye malaria wakapona. Mwaka wa 1972, yeye na wenzake walimeza ile dawa wenyewe mbele ya kuitoa kwa wagonjwa. Mwaka wa 2015 alipewa Prix Nobel.

Tazama vile alifanya. Hakusema "wazee walisema, basi inatosha". Alichukua neno la wazee, akalipima, akatafuta kitu chenyewe ndani ya majani, akajua kipimo chake, akajaribu ku mwili wake mbele. Ile njo njia yenye inatoka ku jani na kufika ku dawa. Uyoga wa Ma haukupita mu njia ile; ulipita mu gazeti na mu duka.

Uongo wa pili ni wa hatari zaidi. Kuko mumea wenye Wachina wanaita mahuang. Wanaupatia wenye mafua na wenye pumu, kwa kipimo kidogo, na kwa siku chache. Ndani muko efedrini. Ile inapandisha moyo, inaondoa usingizi, inafanya mutu asisikie kuchoka. AMA, shirika la dunia la kupiganisha dopaje, inakataza efedrini siku ya mashindano ikipita mikrogramu 10 mu mililita moja ya mukojo. Kwa hiyo mukimbiaji anaweza kunywa "chai ya mafua" na kupoteza medali.

Na anaweza kupoteza kupita medali. Tarehe 17 mwezi wa 2 mwaka wa 2003, Steve Bechler, kijana wa miaka 23 mwenye kucheza baseball Marekani, alikufa kisha kuzoezwa ku jua kali la Florida. Mwili wake ulipanda joto na haukushuka tena. Alikuwa anakunywa vinini vya ule mumea juu ya kupunguza uzito. Munganga mwenye alichunguza maiti alisema vilisaidia kumuua. Mwaka wenye ulifuata, serikali ya Marekani ilikataza kuviuzisha.

Ndugu mufanyakazi, soma tena ile neno: joto. Chini ya shimo, pahali hewa ya kuingizwa ni kidogo na mashine zinatoa moto, mwili uko na vita na joto tayari. Kuchoka njo kengele yenye Mungu alitia mu mwili. Dawa yenye kuzima kengele haizimi moto.

Kuko mumea mwingine, akoniti, wenye Wachina wanaita fuzi. Mubichi ni sumu kali ya moyo. Wanganga wao wanauchemusha saa nyingi mbele ya kuutoa. Mwenye kuupika vibaya anaua. Hata ukipikwa muzuri, ndani muko kitu chenye kinaitwa higenamini, na tangu mwaka wa 2017 AMA inakitaja kwa jina mu liste ya vitu vyenye kukatazwa. Ku chupa haiandikwe "higenamini". Kunaandikwa paka jina la mumea, mu Kichina.

KOCHA, PESA NA DAMU

Turudie sasa kwa wale wasichana, juu mwisho wa habari yao bado.

Mwezi wa 12 mwaka wa 1994, Wang Junxia na wenzake wengi walifunga mizigo na kuacha kambi ya Ma. Malalamiko yao, mutu yeyote wa sendika angeyatambua: pesa za ushindi zilibaki mu mikono ya mukubwa, kazi haina kipimo, mapumuziko hakuna, na mukubwa anaamuru mupaka urefu wa nywele na mambo ya wachumba. Hawakuwa na sendika. Walikuwa na miguu, wakaitumia kutoka.

Wang alienda kwa kocha mwingine. Mwaka wa 1996, mu Olimpiki ya Atlanta, alipata medali ya zahabu mu mita 5000 na ya feza mu mita 10000. Ni kusema nguvu yake haikubaki mu sufuria ya Ma.

Mwaka wa 2000, mbele ya Olimpiki ya Sydney, kulikuwa kitu kipya: kupima damu juu ya EPO. EPO ni hormoni yenye mafigo yanatengeneza juu ya kuambia mwili uongeze globuli nyekundu, zile zenye kubeba hewa. Mutu akikaa mu milima mirefu, mwili unaizidisha wenyewe. Wanganga wanaichoma kwa wagonjwa wa mafigo. Mwenye afya akiichoma, damu inanenepa na anakimbia zaidi, lakini moyo unasukuma damu nzito sawa matope mu tiyo nyembamba. China ilipima watu wake mbele ya kusafiri, kisha ikaondoa wachezaji 27 mu liste. Kati yao kulikuwa sita ku saba wa ekipi ya Ma.

Kisha, mwezi wa 2 mwaka wa 2016, barua moja ya mwaka wa 1995 ilitokea mu magazeti ya China. Wasichana kumi, na Wang ndani yao, waliiandikia mwandishi mumoja, Zhao Yu. Walisema kama miaka mingi walilazimishwa kutumia dawa zenye kukatazwa. Zhao Yu alikuwa alitosha kitabu juu ya ekipi ile mwaka wa 1998, lakini sehemu ya dopaje haikutiwa ndani wakati ule. Tuseme mambo sawa vile iko: Ma alikataa siku zote kama aliwapa dopaje, Wang hakukamatwa na kontrole hata moja, na rekodi ya mita 3000 haikufutwa. Lakini ile barua iliandikwa na wenye mwili, na hawakuiandika juu ya kujisifu.

Kwa hiyo, wakati dunia ilikuwa inazungumuza juu ya damu ya kobe, hakuna mwenye alikuwa anauliza juu ya damu ya wasichana. Supu ilikuwa kifuniko. Na neno "dawa ya wazee" lilifanya kazi mbili: liliuzisha chupa, na lilifunga kinywa cha mwenye kutaka kuuliza.

SISI TUNASHIKA NINI HAPA?

Hatusemi kama dawa ya Kichina ni mubaya. Mwenye kusema vile aache kwanza vinini vya malaria. Tangu miaka ya 1970 wanganga wa China wanakuja kutumika mu inchi yetu, na wagonjwa wengi walipona mu mikono yao. Hatusemi pia kama mutu asitafute nafuu ku sindano. Mugongo wenye unauma miezi, na sindano safi ya munganga mwenye kusoma, ni jambo la akili.

Tunasema hivi. Nafuu ya uchungu na kupona ni vitu viwili. Mukimbiaji mwenye goti lake linanyamazishwa na sindano, akarudi kukimbia kilomita 42 kesho yake, atalivunja. Mutu wa shimo mwenye mugongo wake unanyamazishwa na kibandiko, akarudi kubeba kesho yake, ni sawasawa. Uchungu wa goti moja ni neno la munganga. Uchungu wa magoti ya ekipi yote ni neno la kazi: uzito wa kubeba, urefu wa posti, mashine yenye kutetemesha, ngazi yenye kukatika. Hakuna sindano ya kuchoma mu ngazi.

Kwa hiyo, mbele ya kumeza ao kulala ku kitanda cha sindano, uliza:

Ndani muko nini? Kama ku chupa hakuna maandishi mu luga yenye wewe ao mutu wa farmasi anaweza kusoma, acha. Mama mwenye mimba na mutoto, hata wasijaribu.

Ni nani anachoma? Alisoma wapi? Sindano inatoka mu karatasi yenye kufungwa?

Uko na dawa ingine? Mwenye kumeza dawa ya tansio, ya sukari ao ya moyo amuambie munganga wake juu ya majani yote. Majani na kinini vinaweza kupigana ndani ya mwili.

Mutoto wako anakimbia, anacheza mupira ao anapiga baisikeli mu mashindano? Usimupe chupa ya "nguvu" yoyote. Akikamatwa ku kontrole, kusema "ilikuwa majani" hakumuokoe.

Na ya mwisho, yenye ni ya sendika. Kama uliumia ku kazi, chupa isichukue nafasi ya karatasi. Tangaza aksida kwa shefu wako na kwa delege, iandikwe, ifike ku CNSS. Kanuni ya kazi, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka wa 2002, inatia matunzo ya mufanyakazi na ya jamaa yake mu mikono ya mutumikishaji. Mukubwa mwenye kukupa kibandiko na kukuambia "rudia ku kazi" hakukutunza bado. Kibandiko kinashuka bei, mugongo haushuke.

Wang Junxia na wenzake walikuwa vijana, mbali na wazazi, na hakuna mwenye aliwasomea ku sauti nini ilikuwa mu kikombe. Sisi tuko wengi, tunajua kusoma, na tuko na madelege. Ukiona chupa yenye huelewi, ilete ku biro ya sendika ao ku dispansere. Tutaisoma pamoja, na kama haisomeke, itabaki pale.